Ng'ombe amegongwa barabarani: nani analipa, na ufanye nini tangu dakika ya kwanza

Ng'ombe akigongwa, kabla vumbi halijatua watakuwa wamefika watu wenye majibu mawili. Wa kwanza atasema: "Dereva ndiye mwenye chombo cha moto, alipe ng'ombe wa watu." Wa pili atasema: "Barabara si malisho, mwenye ng'ombe atengeneze gari." Nimeyasikia yote mawili yakisemwa kwa uhakika uleule, na yote mawili si sheria. Sheria ya Tanzania Bara haisemi kwamba dereva analipa siku zote, wala haisemi kwamba mfugaji analipa siku zote. Inauliza nani alikuwa mzembe, kwa kiasi gani, na nani anaweza kuthibitisha. Hilo la mwisho ndilo linalowaponza wengi, kwa sababu ushahidi wa ajali ya mnyama unapotea upesi mno. Damu inafukiwa kwa mchanga, nyama inagawanywa, kundi linaswagwa porini, na jioni hakuna mtu anayejua ng'ombe alikuwa wa nani.

Nimeandika kwa ajili ya pande zote mbili: dereva aliyegonga, na mfugaji aliyegongewa. Msomaji wa Kenya na dereva anayevuka kwenda Congo watapata yao mwishoni, maana huko mambo hayafanani na ya kwetu.

Hatua ya 1: Saa ya kwanza barabarani

Simama. Sheria ya Usalama Barabarani inamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame, asaidie walioumia, atoe jina lake na taarifa za gari, na aripoti polisi. Kwamba aliyegongwa ni punda au mbuzi, si mtu, haikupi ruhusa ya kuondoka. Dereva anayekimbia anajitengenezea kosa la jinai ambalo pengine hakuwa nalo, na hata kama ajali haikuwa kosa lake, hakimu atajiuliza alikuwa anakimbia nini.

Kuna hali moja ya kutofautisha. Watu wakikusanyika kwa hasira na ukaona maisha yako yako hatarini, endesha moja kwa moja hadi kituo cha polisi kilicho karibu na useme hivyo wazi unapoandikisha taarifa: nilihofia usalama wangu, nimekuja hapa bila kupita kwingine. Kuja kituoni ndani ya nusu saa na kuonekana kesho yake ni mambo mawili tofauti kabisa.

Ukisimama, weka alama ya pembetatu mbele na nyuma, washa taa za hatari, watoe abiria barabarani. Ajali ya pili, ya lori kuja kugonga watu waliozunguka mzoga gizani, inaweza kuua kuliko ile ya kwanza. Piga 112. Walioumia wapelekwe hospitali, na kumbuka fomu ya PF3 kutoka polisi, kwa sababu ndiyo itakayounganisha majeraha yao na ajali hii pale madai yatakapofika mezani.

Kisha toa simu yako na upige picha kabla kitu chochote hakijasogezwa. Wengi hupiga picha ya bampa na kioo cha mbele tu, halafu baadaye wanashangaa kwa nini hazikuwasaidia. Picha zinazoamua shauri ni hizi: mnyama alipolala ukilinganisha na mstari wa katikati, alama za breki kwenye lami tangu zilipoanza hadi zilipoishia, kwato na kinyesi vinavyoonyesha kundi lilitoka upande gani, kibao cha barabarani cha tahadhari ya ng'ombe kama kipo, au mahali palipo wazi kama hakipo, nyasi, kona au kichuguu kilichoziba macho, na chapa au hereni ya mnyama, kwa karibu sana. Piga na video fupi ukitembea kutoka mahali ulipoanza kufunga breki hadi kwenye mzoga, ukitaja saa na jina la mahali. Omba namba za simu za mashahidi wawili ambao si abiria wako wala si ndugu wa mfugaji. Muuza mkaa wa kando ya barabara ni shahidi mzuri kuliko kondakta wako.

Kuhusu maneno: usiseme "nilikuwa mbio kidogo" wala "samahani, nitalipa." Pole mpe mwenye ng'ombe, ni utu, lakini pole na ahadi ya kulipa visichanganywe. Mfugaji naye asiseme "huyu ng'ombe ana tabia ya kukimbilia barabara." Sentensi hiyo moja, kama nitakavyoeleza, inaweza kumgharimu zizi.

Na mzoga? Mnyama aliyekufa bado ni mali ya mwenyewe. Wapita njia wanaochinja mapande wanaiba, hata kama kila mtu analiona jambo la kawaida. Kwa dereva, nyama iliyouzwa ni hesabu: mfugaji aliyemwahi ng'ombe kwa kisu, akapimiwa na mkaguzi wa nyama na kumuuzia mwenye bucha, hawezi kudai bei nzima ya ng'ombe hai. Anadai tofauti tu. Aliyekufa kabla ya kuchinjwa ni nyamafu, na kuiingiza sokoni ni kuhatarisha watu. Yeyote atakayemchukua mzoga, iandikwe ni nani na saa ngapi.

Hatua ya 2: Polisi na karatasi zao

Hakikisha ajali imeandikwa kituoni na umepata namba ya taarifa. Askari wa usalama barabarani anatakiwa kuchora ramani ya eneo la ajali, na gari likaguliwe na mkaguzi wa magari. Omba uwepo ramani inapochorwa. Ukiona vipimo si sahihi, sema palepale kwa adabu na uombe viandikwe upya. Mwisho wa upelelezi polisi hutoa PF90, yaani fomu ya taarifa ya ajali, ambayo kampuni ya bima itaidai kabla ya kufungua faili lolote.

Hapa wengi huchanganya jinai na madai. Polisi wanaamua kama kuna mtu wa kushtakiwa. Kazi ya kuamua nani amlipe nani si yao. Faini atakayotozwa dereva au mfugaji inaingia serikalini, haitengenezi gari wala hairudishi ng'ombe. Mahakama ya jinai inaweza kumwamuru aliyetiwa hatiani alipe fidia, lakini usiitegemee hiyo pekee. Na usikubali kituo kigeuzwe mahakama, eti gari halitoki mpaka ng'ombe alipwe. Gari linaweza kushikiliwa kwa ukaguzi na ushahidi. Halishikiliwi kuwa rehani ya deni ambalo hakuna aliyelithibitisha.

Hatua ya 3: Elewa sheria inavyopima lawama

Sehemu hii ndiyo ngumu, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Tanzania haina sheria moja ya Bunge inayosema wazi kwamba mwenye mfugo uliosababisha ajali atawajibika kiasi fulani. Tunarudi kwenye sheria ya mazoea (common law, ile inayojengwa na hukumu za mahakama, si mila zetu) tuliyorithi kutoka Uingereza. Sheria yetu ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, inaiingiza sheria hiyo jinsi ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa sharti kwamba itumike kadiri hali ya Tanzania na watu wake inavyoruhusu. Shika tarehe hiyo na sharti hilo, maana mabishano yote ya mawakili yanazungukia hapo.

Kabla ya 1920 Waingereza walikuwa na kanuni ya ajabu iliyowapendelea wafugaji. Katika shauri la Heath's Garage dhidi ya Hodges la mwaka 1916, kondoo walitoka shambani wakaingia barabarani na gari likaharibika. Mahakama ya Rufani ikasema mwenye kondoo hana wajibu wa kuzungushia uzio ili kuwalinda watumiaji wa barabara dhidi ya wanyama wapole. Mwaka 1947, katika Searle dhidi ya Wallbank, mahakama yao ya juu kabisa ya wakati huo ikaithibitisha kanuni hiyo. Bunge la Uingereza likaja kuifuta mwaka 1971, kwa sababu magari yalikuwa yamejaa na kanuni ilikuwa imepitwa na wakati. Lakini sheria hiyo ya 1971 haituhusu sisi.

Kwa hiyo wakili wa mfugaji mwenye akili atasimama na kusema: ng'ombe alijitokea mwenyewe malishoni, alikuwa mpole, na kwa sheria ya 1920 mteja wangu hadaiwi kitu. Wakili wa dereva naye asikae kimya. Ana majibu matatu.

La kwanza, kanuni ile ilihusu mnyama aliyetoroka mwenyewe. Haikuhusu mnyama aliyeletwa barabarani na mtu. Mwaka 1917, katika Turner dhidi ya Coates, mwanafarasi ambaye hajafundishwa alipitishwa barabarani bila kufungwa, akamjeruhi mwendesha baiskeli, na mwenye mnyama akawajibika. Hapa kwetu mnyama aliyegongwa mara nyingi alikuwa akiswagwa: kundi linavushwa kwenda lambo, josho au mnada, na mchungaji yuko nyuma na fimbo. Anayeswaga kundi barabarani ana wajibu wa uangalifu kama mtumiaji mwingine yeyote wa barabara. Ndiyo maana zile picha za kwato, na ushahidi kwamba mchungaji alikuwepo na alikuwa wapi, vina thamani kubwa hivyo. Vinahamisha shauri kutoka "alitoroka" kwenda "aliswagwa vibaya."

La pili ni tabia ya mnyama mwenyewe. Mwenye mnyama wa kufugwa anayejua kwamba mnyama huyo ana hulka ya hatari isiyo ya kawaida kwa aina yake anawajibika kwa madhara ya hulka hiyo hata bila uzembe. Fahali anayeshambulia pikipiki na aliyekwisha kufanya hivyo mara mbili ni mfano. Ndiyo sababu nikasema mfugaji achunge ulimi wake pale barabarani.

La tatu ndilo zito zaidi: lile sharti la hali ya Tanzania. Kanuni ya Kiingereza ilizaliwa kwenye nchi ya magari ya farasi na vichochoro vya mashamba. Barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera, yenye mabasi na malori usiku na mchana, si kichochoro. Tena sheria zetu wenyewe zimekwenda mbele. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga hifadhi ya barabara, mita 30 kila upande kutoka katikati kwa barabara kuu na za mkoa, na eneo hilo si la kulishia. Kuvunja sheria ya namna hiyo peke yake hakumalizi shauri la madai, lakini ni ushahidi mzito wa uzembe. Kwa maoni yangu, mahakama ikielezwa vizuri ina kila sababu ya kumpima mfugaji kwa kipimo cha kawaida cha uangalifu. Ila wakili asiyeijua kanuni ya 1916 atashtukizwa nayo siku ya majumuisho, yaani ya hoja za mwisho, wakati ameshachelewa.

Sasa mgeukie dereva, maana na yeye anapimwa. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na 80 kwa mabasi na magari mazito, ni ukomo tu. Dereva anatakiwa aendeshe mwendo unaomwezesha kusimama ndani ya umbali anaouona. Usiku, taa za gari linalokuja zikikupofusha, mwendo huo unashuka sana. Kama kibao cha ng'ombe kilikuwepo, kama ni karibu na mnada na ni siku ya mnada, kama kundi la kwanza lilikuwa limeshavuka mbele ya macho yako nawe ukadhani limekwisha, lawama inakuja kwako. Anayeijua njia ya Dodoma kwenda Singida anajua kwamba ng'ombe mmoja akivuka, wa pili yuko njiani.

Mara nyingi wote wawili wamekosea, na mahakama inagawa lawama kwa asilimia. Chukua mfano wa hesabu tu: gari limeharibika kwa shilingi 6,000,000, ng'ombe alikuwa na thamani ya 1,200,000. Hakimu anaona mfugaji ana asilimia 60 ya lawama kwa kumwachia kundi mtoto mdogo jioni, na dereva ana 40 kwa mwendo. Mfugaji anadaiwa 3,600,000. Dereva anadaiwa 480,000. Zikikatana, mfugaji anabaki na deni la 3,120,000. Ukiielewa hesabu hii utajua pia kiasi gani ni busara kukubali mnapokaa kumalizana.

Hatua ya 4: Mjue wa kumdai

Kundi moja linaweza kuwa na ng'ombe wa watu watano. Mwenye chapa ni mmoja, anayewatunza ni mwingine, anayewachunga siku ile ni kijana wa kuajiriwa. Ukimshtaki asiyehusika umepoteza mwaka.

Anza na alama za mnyama. Tangu Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, mifugo inatakiwa kutambuliwa na kusajiliwa, kwa hiyo chapa au hereni inaweza kukupeleka hadi wilaya na kijiji. Nenda kwa mtendaji wa kijiji pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Waombe barua inayosema kundi hili hulishwa hapa na hutunzwa na fulani. Kama kundi lilikuwa linakwenda mnadani au linatoka huko, uliza kibali cha kusafirisha mifugo, maana kina jina juu yake.

Mwajiri anawajibika kwa uzembe wa mchungaji wake anapokuwa kazini, kwa hiyo kumshtaki kijana asiye na hata kiatu hakuna faida ukimwacha aliyemtuma. Mtoto je? Mzazi hawajibiki kwa sababu tu ni mzazi. Lakini aliyemkabidhi mtoto wa miaka minane ng'ombe arobaini wavushwe barabara kuu amefanya uzembe wake mwenyewe, na huo ndio unaomshtaki nao. Naomba wafugaji mlisome hili mara mbili, na si kwa sababu ya kesi. Mtoto yule huwa yuko katikati ya kundi gari linapofika.

Anayetunza kwa niaba ya mwingine anadaiwa kwa sababu yeye ndiye mwenye udhibiti. Ukiwa na shaka, waunganishe wote wawili kwenye shauri, mahakama itawatenganisha.

Kama unalaumu pia barabara yenyewe, kwa mfano kivuko cha mifugo kinachojulikana kisicho na alama yoyote, mdaiwa ni taasisi ya serikali. Hapo unatakiwa kutoa notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri. Madai ya namna hiyo ni magumu, usiyaanze bila wakili.

Hatua ya 5: Ukiwa mfugaji uliyegongewa

Una haki ya kudai kama mtu mwingine. Uzembe wa dereva ukithibitika, unadai thamani ya mnyama siku ya ajali, gharama za daktari wa mifugo kwa aliyejeruhiwa, na hasara inayothibitika, kama maziwa ya ng'ombe aliyekuwa anakamuliwa au kazi ya maksai msimu wa kulima. Pata bei ya mnada wa karibu kwa mnyama wa aina na umri huo, iandikwe na afisa mifugo wa kata. Kudai milioni nne kwa mtamba wa milioni moja hakukuongezei kitu, kunakuondolea kuaminika tu. Nakili namba ya gari, na picha ya stika ya bima kama unaweza kuipata. Uhalali wa bima unaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Usilizuie gari kwa mawe au magogo. Najua hasira ya kumwona ng'ombe uliyemlea tangu ndama akivunjika miguu, lakini dakika unapochukua jiwe, shauri linageuka na wewe ndiye mshtakiwa.

Hatua ya 6: Bima

Bima ndogo, ile ya lazima kwa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inawahusu watu wengine unaowaumiza au kuwaua kwa gari. Mali ya watu wengine, pamoja na ng'ombe, inategemea mkataba wako unasemaje. Mikataba mingi inaigusa hadi kiwango fulani, kwa hiyo usome. Gari lako mwenyewe halitengenezwi na bima ndogo. Linatengenezwa na bima kubwa, na hata hiyo ina sehemu ya kwanza ya gharama unayobeba mwenyewe.

Toa taarifa kwa kampuni ya bima haraka, ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba, na kwa maandishi. Halafu angalia kifungu ambacho karibu kila mkataba unacho: usikiri kosa wala usiahidi malipo bila idhini ya kampuni. Dereva mmoja niliyemshauri alimlipa mfugaji palepale barabarani, akaandika kwa mkono kwamba kosa ni lake, kisha bima ikakataa kugusa faili. Alikuwa na bima kubwa, na pengine hakuwa na kosa kabisa.

Bima ikikulipa matengenezo, haki ya kumdai mfugaji inahamia kwa kampuni ya bima kwa kiasi ilicholipa. Usije ukasaini na mfugaji kwamba humdai tena wakati bima bado inashughulikia dai. Na bima ikikuzungusha bila sababu, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Anza na barua ya malalamiko kwa kampuni yenyewe, kisha uende huko.

Hatua ya 7: Kumalizana

Mashauri mengi ya aina hii yanafaa kuishia kwa mazungumzo, na sisemi hivyo kwa kuidharau mahakama. Ng'ombe mmoja na taa mbili za mbele havistahili miaka miwili ya kuahirishiwa. Kaeni kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, pamoja na wazee mnaowaheshimu wote. Ila muandike. Hati iwe na majina kamili na namba za vitambulisho, namba ya gari, alama za mnyama, tarehe na mahali pa ajali, namba ya taarifa ya polisi, kiasi kilicholipwa na njia ya malipo, na sentensi inayosema kwamba malipo haya yanamaliza madai yote ya mali yatokanayo na ajali hiyo, bila upande wowote kukiri kosa. Kama kuna majeruhi, madai ya majeraha yasiingizwe humo kabla daktari hajasema amepona kiasi gani. Mguu unaoonekana umeteguka leo unaweza kuhitaji vyuma mwezi ujao.

Lipa kwa simu au benki ili kibaki kielelezo.

Hatua ya 8: Mahakamani

Ikishindikana, andika barua ya madai: nini kilitokea, unadai kiasi gani, kimepatikanaje, na muda wa kujibu, kwa kawaida siku 14 au 21. Hesabu miaka mitatu tangu siku ya ajali, huo ndio ukomo wa madai ya uzembe kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89. Ukidai kwa bima iliyo nyuma ya dereva, kampuni ipewe notisi ya shauri kabla ya kulifungua au ndani ya siku 14 baada ya kulifungua. Ukiisahau, unaweza kushinda hukumu ambayo bima haina wajibu wa kuilipa.

Hasara mahususi, yaani kila kitu chenye risiti, lazima itajwe moja moja kwenye hati ya madai na ithibitishwe. Makadirio ya fundi wa mtaani yasiyo na jina wala mhuri hayatoshi. Pata karakana inayotoa ankara, tunza risiti za kuvuta gari, na za dawa pia. Maumivu na usumbufu hakimu huyapima mwenyewe. Picha na video za simu zinapokelewa, ila uwe tayari kueleza nani alizipiga, kwa simu gani, na zimetunzwaje bila kuguswa. Usifute za asili baada ya kuzituma WhatsApp.

Abiria aliyeumia yuko katika nafasi bora kuliko wote, kwa kuwa hakuendesha wala hakuchunga. Amdai mwenye basi na mwenye mifugo pamoja, wagombane wao kwa wao juu ya asilimia. Familia ya aliyefariki inadai kupitia Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Ajali za Vifo na Masharti Mengineyo, Sura ya 310, kwa hasara ya tegemeo waliyopata. Waanze mapema kupata hati ya usimamizi wa mirathi, maana mchakato huo wenyewe unakula muda.

Akiwa ni mnyamapori

Yote haya yanahusu mifugo. Nyati wa Mikumi hana mfugaji wa kumdai, na dereva anayemgonga mnyama ndani ya hifadhi ndiye anayetozwa. Kifuta jasho na kifuta machozi, kwa kanuni za mwaka 2011, ni pole ya serikali kwa madhara ya wanyama hatari. Si fidia ya kulingana na hasara.

Ukiwa Kenya au Congo

Kenya inafanana nasi kwa msingi, lakini tarehe yao ya kupokea sheria ya Uingereza ni 12 Agosti 1897. Udhibiti wa wanyama ni kazi ya serikali za kaunti kwa Katiba ya 2010, kwa hiyo uliza sheria ya kaunti husika kuhusu mifugo inayozurura. Majeruhi anahitaji fomu ya P3, na dereva anahitaji muhtasari wa ajali kutoka polisi. Ukomo ni miaka mitatu vilevile. Faida kubwa waliyo nayo ni Mahakama ya Madai Madogo, ambako dai lisilozidi shilingi 1,000,000 za Kenya linasikilizwa kwa utaratibu mwepesi, na sheria inataka liamuliwe ndani ya siku 60. Gari na ng'ombe mara nyingi vinaenea ndani ya kiwango hicho.

Madereva wa malori mnaopita Tunduma na Kasumbalesa kwenda Lubumbashi, huko kanuni imegeuka juu chini. Congo inafuata sheria ya madai iliyoandikwa na Wabelgiji kwa amri ya tarehe 30 Julai 1888, na kifungu cha 261 kinasema mwenye mnyama, au anayemtumia, anawajibika kwa madhara ya mnyama huyo awe chini ya ulinzi wake au awe amepotea au ametoroka. Yale mabishano yetu ya uzio na kondoo wa 1916 hayana nafasi pale. Mwenye mbuzi ndiye anayeanza akiwa na mzigo, na ni juu yake kuonyesha kwamba chanzo kilikuwa kosa lako. Kwa hiyo mkifika huko msilipe kwa mazoea ya nyumbani. Iteni polisi, pigeni picha zilezile, na mjulisheni mwenye gari na bima yake kabla ya kutoa dola yoyote.